Video za nyumbani: yaliyonikuta tangu ile ya zipu

Watu wakiona video zangu swali la kwanza huwa ni unatumia simu gani, na jibu langu linawaudhi maana simu yenyewe ni ya kawaida tu, kioo kina ufa pembeni na memori imejaa muda wote. Hakuna aliyewahi kuniuliza hii video ulimtengenezea nani. Na kwa uzoefu wangu hilo ndio swali lenye kazi, ukishalijibu mengine karibu yote yanajijibu, simu uisimamishe au uilaze, uongee au unyamaze, muziki uweke au uache, iende hadharani au ibaki kwa watu wa nyumbani. Mimi nimelijua kwa kuzunguka sana, huko kuzunguka kumenila bando na usingizi na nusura kulete ugomvi kwenye ukoo, kwahiyo naandika yote hapa, anayetaka kuanza achukue kinachomfaa.

Ilianza hivi. Mimi nashona, sio biashara kubwa, narekebisha tu nguo za watu wa karibu. Sasa ndugu walikuwa wananipigia simu kila zipu ikigoma. Unajua ile zipu unafunga vizuri halafu nyuma inaachia, meno yanabaki wazi, watu wanadhani meno ndio yamekufa wakati mara nyingi ni kile kichwa kinachopanda na kushuka ndio kimelegea. Unachukua koleo unakibana kidogo upande huu, kidogo upande ule, unajaribu, kama bado unabana tena kidogo, ukikaza mkono kinapasuka na hapo zipu ndio basi tena. Haya jaribu kumweleza mtu hayo kwenye simu. Nikasema bora nirekodi mara moja, kila atakayeuliza namtumia.

Jaribio la kwanza simu nilishika mkono wa kushoto, koleo mkono wa kulia, zipu ikakosa mtu wa kuishika. Nacheka sasa hivi lakini siku ile nilikuwa nimekasirika kabisa.

Stendi za kununua zipo, ila mimi mpaka leo video nyingi za mikono nazirekodi kwa vitabu. Unapanga vitabu mezani mpaka urefu unaotaka, simu unailaza juu yake kioo kikiwa juu, kamera ya nyuma ichungulie nje ya ukingo iangalie chini, halafu kitabu kizito kinaikalia isianguke. Kuna kitu kimoja hapa hakuna aliyeniambia, simu ikilala hivyo haijui wima ni upi, inaamua yenyewe, unakuja kugundua umerekodi kila kitu kimelala ubavu. Dawa yake ni kuinamisha simu kwanza upande unaoutaka, uone alama za kamera zimegeuka, ndio uilaze taratibu. Na ukiwa na earphone ya waya, kwenye simu nyingi kile kitufe cha kuongeza sauti kinaanzisha kurekodi, kwahiyo huna haja ya kuigusa simu ikatikisika.

Basi video ya zipu ikapatikana, nikamtumia shangazi. Akanijibu kwa voice note, "Mwanangu zipu nimeiona, ila wewe mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?" Na kweli. Chumba nilichorekodia kilikuwa na sakafu tupu na kuta tupu, sauti inatoka mdomoni inagonga ukuta inarudi, maiki ya simu inapokea vyote viwili. Halafu feni ilikuwa inazunguka. Sikio la mtu linaisahau feni baada ya dakika mbili lakini maiki haisahau kitu.

Picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya anafunga. Hilo nimelithibitisha kwa ndugu zangu wenyewe, kuna video moja picha ina ukungu kabisa sababu nilikuwa nimeshika kioo cha kamera na vidole vyenye mafuta ya cherehani, wakaiangalia mpaka mwisho, na nyingine picha kali tupu ila sauti inasikika mbali, hakuna aliyefika nusu. Kwahiyo pesa kidogo ya kwanza ukiipata nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, kamera iache. Na kama hata hiyo huna, sogea karibu na simu, zima feni, kaa chumba chenye godoro, mapazia, nguo zilizotundikwa, kila kitu laini kinameza mwangwi. Nimewahi kurekodi maelezo yangu kichwa kikiwa ndani ya kabati la nguo na ilitoka safi kuliko nilivyotegemea, ila jasho sasa.

Njia niliyohamia baadaye ni kutenganisha. Kwanza narekodi mikono ikifanya kazi bila kusema neno. Halafu nakaa naangalia ile video huku naongea kwenye simu nyingine iliyo karibu na mdomo. Faida yake ni kwamba hauchanganyikiwi, mtu anayeshona na kuongea kwa wakati mmoja kimoja lazima kiharibike. Na ukitaka kurekodi vyote pamoja kwa vifaa viwili, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, ile sauti ya kofi inaonekana kama mlima mrefu kwenye mistari ya sauti, unaipanga na fremu, yaani ile picha moja kati ya nyingi zinazounda video, ambayo viganja vinakutana, imekwisha.

Imekwisha kwa dakika chache za kwanza, niseme. Nilikuwa na video ndefu ya kukata kola, mwanzoni mdomo na sauti viko sawa, kufika mwisho sauti imeshatangulia mbele ya picha. Nilihisi nimerogwa. Kumbe simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja, mwanga ukipungua inapunguza fremu kimyakimya, na baadhi ya programu za kuediti kwenye kompyuta zinachukulia kwamba mwendo ni ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho, ndio vinaachana. Kuna programu ya bure inaitwa HandBrake, unapitisha faili humo, unachagua mwendo wa fremu usiobadilika, ndio unapeleka kuediti. Usiku niliopoteza kuvuta sauti mbele na nyuma kwa mkono sitaki hata kuukumbuka.

Kuhusu mwanga sitasema mengi. Dirisha. Kaa ubavu wake, usilipe mgongo na kamera isilitazame, taa ya ndani zima maana mwanga wa balbu na wa jua rangi zake haziendani. Kama lazima urekodi usiku na unaona mistari inapanda au picha inapepesa, hiyo ni umeme. Nchi nyingi umeme wa nyumbani unacheza mara 50 kwa sekunde, Marekani na nchi nyingine ni mara 60, na taa inawaka na kufifia mara mbili ya hapo. Jicho halioni, kamera inaona. Palipo na 50 ukirekodi fremu 25 kwa sekunde na shata, ule muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, ukaiweka 1/50 ya sekunde inatulia, palipo na 60 tumia fremu 30 na shata 1/60. Kama kamera ya simu yako haina hizo setingi zipo programu za kamera zinazokuruhusu. Halafu ile ya kukandamiza kidole kwenye kioo mpaka kamera ioneshe imefunga mwanga, ifanye kila mara, usipoifunga kila mkono unapopita picha inakuwa nyeupe ghafla halafu nyeusi.

Kuediti nilikuogopa bure. Kwenye simu programu ni nyingi, kwenye kompyuta Shotcut, Kdenlive na OpenShot ni za bure kabisa, DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lakini inataka mashine yenye nguvu, yangu ilikuwa inapata moto mpaka naionea huruma. Ila programu sio shida, shida ni roho ya kukata. Video ya kwanza ya zipu ilikuwa na salamu, jina langu, sababu ya kurekodi, shukrani, ndio zipu ije. Mtu ana suruali imemwachia na anatoka sasa hivi, salamu za nini? Siku hizi naanza na tatizo lenyewe, zipu imeachama, sekunde mbili, halafu inafungwa, halafu ndio narudi kuonyesha imekuwaje. Nikikata naangalia tena bila sauti, kama bado inaeleweka ujue maneno mengi hayakuwa na kazi.

Sasa nije kwenye kushea, ambako ndiko nilikopata presha.

Nilikuwa na video moja tamu sana ya mtoto wa kaka yangu akijifunza kushona kifungo, ulimi nje, sindano inampiga chenga, mwisho anakamata anashangilia. Niliituma kwenye group la familia tu. Ndani ya siku chache mtu kutoka humo humo akaichukua akaiposti kwenye akaunti yake ya wazi, wala hakuwa na nia mbaya, aliipenda tu, ikasambaa. Wifi yangu akanipigia, sauti imeshuka kabisa, "Wifi, mwanangu anaangaliwa na watu nisiowajua, na wengine wanaandika mambo ambayo siwezi hata kukusomea." Sikuwa na la kusema. Tuliomba ifutwe, ikafutwa pale, lakini watu walikuwa wameshaipakua, na ikishapakuliwa hakuna wa kumwomba.

Kwahiyo hili nalisema kwa sauti, kitu kikiingia kwenye group hesabu kimetoka nje. Kama ni mtoto, muombe mzazi kabla ya kurekodi na tena kabla ya kutuma, hizo ni ruhusa mbili tofauti, na mtoto mwenyewe ukimuuliza mara nyingi anayo maoni yake. YouTube kwa mfano ina namna tatu za kuweka video. Ya wazi kila mtu anaiona na kuitafuta. Ile isiyoorodheshwa haionekani kwenye utafutaji ila yeyote mwenye linki anaifungua na anaweza kumpa mwingine, watu wengi wanadhani hiyo ni siri, sio siri. Ya tatu ni binafsi, humo unaalika mtu mmoja mmoja kwa barua pepe ya akaunti yake. Video za familia mimi nikizipeleka mtandaoni zinakaa kwenye hiyo ya tatu, usumbufu wake ndio ulinzi wake.

Na angalia nyuma yako kabla ya kubonyeza rekodi. Siku nyingine niligundua wakati wa kuediti kwamba kwenye kona ya meza kuna bahasha yenye anwani yangu yote, inasomeka vizuri kabisa maana siku hiyo ndio mwanga ulikuwa mzuri. Sare ya shule, namba ya gari, barua za benki, kioo kinachoonyesha chumba kizima. Pia kamera ya simu inaweza kuandika ndani ya faili mahali uliporekodia, kuna setingi ya kuzima hiyo kwenye kamera, izime.

Baada ya hapo nikaamua zile za mikono na nguo ndizo ziende hadharani, za sura za watu zibaki ndani. Nikafungua chaneli. Na hapo nikakutana na muziki.

Video ya tatu au ya nne hivi, jirani alikuwa amefungulia redio, mimi hata sikuisikia nikiwa nashona, ila maiki si nimesema haisahau. Nikaapload, baada ya muda mfupi nikapata taarifa kwamba kuna wimbo wa watu ndani. Moyo ulinienda mbio, nikajua chaneli imekufa kabla haijatambaa. Nilichojifunza ni kwamba kuna vitu viwili watu wanavichanganya. YouTube ina mfumo unaitwa Content ID, upo tangu 2007, unalinganisha kila kinachopandishwa na kazi zilizosajiliwa na wenye haki, ukikuta inafanana mwenye wimbo anachagua, aizuie video, au achukue mapato ya matangazo yake, au aifuatilie tu idadi ya watazamaji. Hilo ni dai, halikuui. Kitu cha pili ni onyo la hakimiliki, hilo linakuja pale mwenye kazi anapoomba rasmi video iondolewe, na hayo yakifika matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa. Yangu ilikuwa dai. Nilikata kile kipande chenye redio, dai likaondoka.

Na tafadhali, kuandika kwenye maelezo "wimbo huu sio wangu, haki zote ni za mwenyewe" hakukukingi na chochote, kunakiri tu kwamba unajua sio wako. Wala hakuna sheria ya kwamba sekunde chache ni ruksa, hiyo ni hadithi ya mtandaoni. Muziki wa halali upo, YouTube wenyewe wana maktaba ya sauti za bure, na kuna kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi anaruhusu wengine waitumie kwa masharti, ila soma herufi zake. Ikiwa na BY unatakiwa umtaje mwenye kazi. Ikiwa na NC usiitumie kwenye biashara. Ikiwa na ND usiiweke kwenye video kabisa, sababu leseni hizo zinahesabu kuunganisha muziki na picha kuwa ni kuibadilisha kazi, na ND inakataza kubadilisha. Hiyo ya mwisho wengi inawapita.

Lakini lile dai la redio ndilo lililonifungua akili. Nikajiuliza kwanini nihangaike na nyimbo za watu wakati chumba changu kina sauti zake. Nikarekodi mkasi unakata kitambaa kizito, krrrp, krrrp, cherehani inaanza polepole halafu inashika kasi, pini zikidondoka kwenye kisahani cha bati, zipu ikipanda na kushuka. Nikazikata vipande vidogo nikazipanga zirudie rudie kwa mpigo. Ikatoka ngoma kabisa! Mpaka leo video zangu zote zina mdundo wa vitu vya mezani na hakuna wa kunidai.

Na ubunifu wote niliokuja kuufanya unafanana na huo, unatoka kwenye kilichopo. Mfano kufumua mshono. Ni kazi ya kuchosha hakuna anayetaka kuiangalia, lakini rekodi ukivuta uzi taratibu kutoka kwenye kitambaa halafu geuza video icheze kinyumenyume, uzi unaingia wenyewe unashona bila sindano. Watu wakawa wananiuliza hiyo mashine gani. Au ule ujanja wa kusimamisha kamera, unaonyesha gauni kuukuu limelala mezani, unasimamisha, bila kusogeza simu unaweka jipya mahali pale pale, unaendelea, likitazamwa la zamani linageuka jipya kwa kufumba na kufumbua. Ni mbinu ya zamani mno, mtengeneza filamu Mfaransa Georges Méliès ndiye aliyesifika nayo tangu 1896, mwenyewe alisimulia kwamba kamera ilimkwama akirekodi mtaani Paris, ilipoendelea basi lililokuwa linapita likawa limegeuka gari la maiti. Zaidi ya miaka mia na bado inawafanya watoto waseme rudia tena.

Niliyoipenda kuliko zote na iliyonitesa kuliko zote ni ya vifungo. Nilitaka vifungo vitembee vyenyewe kutoka kwenye kopo mpaka kwenye shati, kila kimoja kikae kwenye nafasi yake. Hiyo inafanywa kwa picha moja moja, unapiga picha, unasogeza kila kifungo kidogo, unapiga tena. Kwa fremu 12 kwa sekunde inaonekana inatembea vizuri, maana yake sekunde 10 tu ni picha 120, na kila picha vifungo vyote visogee. Nikaanza asubuhi. Nilipokuja kuicheza mara ya kwanza vifungo vinatembea kweli lakini picha nzima inapumua, inang'aa inafifia inang'aa. Nikafunga mwanga wa kamera, nikafunga na ule usawa wa rangi nyeupe, unaoamua picha iwe ya njano au ya bluu, bado. Nikafunga mapazia nikatumia taa moja tu maana jua linasogea bila kukuaga, ikapungua lakini bado. Nimekaa pale naangalia fremu kwa fremu ndio nikaona, kila nilipoinama kusogeza vifungo na kuchelewa kutoka, picha inang'aa. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe! Inadaka mwanga wa taa inaurudisha mezani. Nikavaa nguo nyeusi na nikawa nasimama sehemu ile ile kila ninapopiga. Ikatulia.

Mambo mengine mawili ya hapo, usipige picha kwa kugusa kioo cha simu, tumia kile kitufe cha earphone, na tafuta programu inayokuonyesha picha iliyopita kwa mbali juu ya unayotaka kupiga, Stop Motion Studio inafanya hivyo, ndio unajua kifungo umekisogeza kiasi gani. Mgongo utauma, hilo sina dawa yake.

Kuna na ya kushirikiana. Bibi alikuwa anatimiza miaka mingi na ukoo umetawanyika, nikaomba kila mmoja atume klipu ya salamu. Zilizokuja, Mungu wangu. Mmoja simu imesimama, mwingine imelala, mmoja yuko gizani dirisha liko nyuma yake, mmoja anaanza kuongea kabla ya kubonyeza kwahiyo jina lake limekatika, na wengi walituma kwa njia ya kawaida ya kwenye simu ikabanwa mpaka sura zimekuwa miraba miraba. Niliishia kutuma maelekezo upya, na hayo maelekezo nayatumia mpaka leo: laza simu, wewe mwenyewe tazama dirisha, kaa kimya sekunde mbili kabla ya kuongea na mbili baada ya kumaliza, sema kitu kimoja tu unachokikumbuka, na utume kama faili, usitume kama video. WhatsApp ukiambatanisha kama dokumenti haibani, inapokea mpaka GB 2. Zile sekunde mbili za ukimya ndio dhahabu, bila hizo huna pa kukata. Na lile la kusema kitu kimoja lilibadilisha kila kitu, badala ya "tunakupenda sana bibi" mara thelathini tukapata jinsi alivyokuwa anawaficha wajukuu wasichapwe. Ile video haipo hadharani na haitakuwepo.

Kwa zile za hadharani umbo nalo linaamua. Ukimtengenezea mtu anayeperuzi na kidole gumba, simamisha simu wima, pikseli 1080 kwa 1920, na juu na chini acha nafasi maana majina na vitufe vinafunika. Shorts, zile video fupi za YouTube, zilikuwa mwisho sekunde 60, tangu Oktoba 2024 zinafika dakika 3. Kwa anayekaa kujifunza kitu kirefu, laza. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu YouTube inaishia dakika 15, ukithibitisha inaruhusu mpaka saa 12, ingawa sijui nani ataangalia saa 12 za pindo la suruali.

Weka na maandishi ya unachosema. Watu wengi wanaangalia sauti imezimwa, wapo kazini, wapo kitandani na mtu amelala pembeni, na wapo wasiosikia kabisa, dada mmoja kiziwi aliniandikia kwamba video ya vifungo ndiyo pekee iliyomfikia yote, nikajisikia vibaya kwa zile nyingine. Faili la maandishi la SRT unaweza kuliandika mwenyewe kwenye programu yoyote ya kuandikia, mstari wa kwanza namba 1, wa pili muda hivi 00:00:01,000 --> 00:00:03,500, wa tatu maneno, halafu mstari mtupu, namba 2 na kuendelea. Inachosha lakini ukiandika ndio unagundua unavyorudia rudia maneno.

Komenti. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka usiku kuangalia. Mtu aliandika kuhusu kucha zangu, mikono ya mshonaji inajulikana ilivyo, na niliacha kurekodi kwa muda sababu ya mstari mmoja wa mtu asiye na hata picha kwenye akaunti. Baadaye niligundua kuna sehemu unaorodhesha maneno usiyoyataka, komenti yenye neno hilo inazuiliwa mpaka uikague. Nimejaza pale kila tusi ninalolijua na mengine nimeomba kwa vijana wa nyumbani, walifurahi kweli kusaidia.

Hela, maana najua ndio wengi mnasubiri. Kwa YouTube ili upate mgao wa matangazo unatakiwa sabskraiba 1,000, na juu yake ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama kutazamwa mara milioni 10 kwenye Shorts ndani ya siku 90. Mimi sijafika na sijifanyi kwamba nakaribia. Kilichoingia kimeingia kwa mlango wa pembeni, watu wanaona video wanaleta nguo. Kilichotoka nakijua vizuri zaidi. Piga hesabu, megabiti 8 ni MB 1, kwahiyo video inayorekodiwa kwa megabiti 16 kwa sekunde inakula MB 120 kila dakika, na unarekodi dakika 40 kupata 3. Ukimaliza kuediti toa kwa megabiti 8, ndio kiwango YouTube wanachopendekeza kwa 1080 ya fremu 30 kwenda chini, ni MB 60 kwa dakika, usiapload faili zito kwa kudhani itaonekana vizuri zaidi, mtandao unaibana upya vyovyote vile na wewe bando limeshaenda.

Hizo za asili usizifute ukishaposti. Akaunti inaweza kufungwa, nywila ikasahaulika, simu ikaanguka kwenye maji, na ile iliyoko mtandaoni ukiipakua inarudi imeshabanwa. Mimi naweka nakala kwenye diski ya nje na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, mafaili nayapa majina ya kueleweka, zipu_kichwa_kulegea, sio VID na tarakimu kumi na tano. Na ukihamisha, fungua mbili tatu uone zinacheza mpaka mwisho kabla hujafuta za kwenye simu, faili linaweza kuonekana lipo, jina lipo, ukubwa upo, na ukiligusa halifunguki.